Mlio Uliopita kwenye Kapasita

Fundi Makoye amezikwa Kagongwa, nyuma ya nyumba yake, siku ya jua kali lisilo na upepo. Nilifika ibada imeshaanza. Nikavua viatu, nikaketi mkekani na akina mama, nikajifunika kanga kichwani kama wenzangu. Spika zilikuwa za kukodi. Kijana aliyezileta alizifunga kwenye miti miwili, akaunganisha na jenereta iliyowekwa nyuma ya zizi, na tangu nilipoketi hadi jeneza liliposhushwa zilinguruma. Ulikuwa ule mngurumo mnene unaoingia kwenye waya na kukaa humo, mmmmm, chini ya kila neno la katekista. Kijana alihangaika. Aligeuza vitufe, akahamisha waya, akapiga ampli kwa kiganja. Watu wakamtazama kwa kero. Mimi nilijua dawa yake, na nilijua kuwa mtu aliyenifundisha dawa hiyo ndiye aliyekuwa kwenye jeneza. Sikunyanyuka. Ningesema nini mbele ya watu wote wale, katikati ya sala? Nilikaa kimya kama nilivyozoea tangu utoto, na mngurumo ule ukanirudisha kwenye mwaka mmoja ambao sijawahi kuusimulia kwa mtu kwa mpangilio. Naandika polepole, nitauandika kidogo kidogo.

Nilikuwa binti wa miaka kumi na tisa, nimemaliza darasa la saba na kukaa nyumbani bila kazi ya kueleweka, nilipoingia katika karakana ya Fundi Makoye. Ilikuwa chumba kimoja cha bati kando ya barabara, chenye dirisha la nyavu na meza ndefu iliyoungua madoa ya solda kila mahali. Ukutani zilining'inia redio zilizofumuliwa, na sakafuni zilijaa spika za makanisa, za baa, na za vikundi vya ngoma vya vijijini ambavyo siku hizo vilipenda makelele kuliko nyimbo zenyewe. Kulikuwa na harufu ya solda na vumbi la pumba za mpunga kutoka mashine ya jirani. Fundi alinikubali kwa sababu sikuwa msemaji. "Wasichana wengine wakija hapa wanataka kuongea na wateja," alimwambia mkewe, Mama Jilala, nikisikia. "Huyu anaongea na waya." Mama Jilala akacheka, akanisogezea bakuli la matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Nilikula kwa aibu, viazi vikininata kooni, maana sikuthubutu kuomba maji.

Fundi alikuwa na tatizo ambalo hakulitangaza. Miaka mingi ya kusimama kando ya spika za ngoma ilikuwa imemuua masikio kwa sauti nyembamba za juu. Sauti nene alizisikia vizuri, hata lori likiwa mbali alilisikia kabla yangu. Lakini ndege hakumsikia, wala simu yake ilipolia mezani mbele yake. Alikuwa akiitazama, halafu ananiuliza kwa macho kama inalia. Ndiyo maana alinihitaji kuliko alivyosema. Spika ndogo za sauti kali zilipoletwa alinipa mimi nizipime. "Mimi wa chini, wewe wa juu," alisema. "Tukiungana tunakuwa mtu mmoja mzima."

Somo la kapasita lilianza na ampli ya kanisa. Wazee wa kanisa waliileta wakilalamika kwamba kila wakiwasha jenereta mhubiri anasikika kama yumo ndani ya pipa. Fundi aliifungua, akaiwasha, tukasikia mngurumo. Kisha akachukua mkaa, akachora ukutani mistari miwili mifupi inayotazamana bila kugusana.

"Hii ni kapasita," alisema. "Ndani ina sahani mbili, hazigusani. Umeme wa betri ukifika hapa unafanyaje?"

Nilitazama ile mistari, naye akajijibu.

"Unajaa, unasimama. Njia imekatika. Sasa umeme wa jenereta hauendi njia moja. Unakwenda na kurudi, mara hamsini kwa sekunde moja. Kabla sahani haijajaa, umeme umeshageuka. Ule wa upande wa pili nao unasukumwa na kuvutwa, unakwenda na kurudi vilevile. Kwa hiyo huku unaona kama umepita. Na unaogeuka haraka zaidi unapita kwa urahisi zaidi. Umeelewa?"

"Mngurumo unageuka polepole," nilisema kwa sauti ya chini.

"Sema kwa nguvu, mimi ni kiziwi."

"Mngurumo unageuka polepole kuliko sauti ya mhubiri. Kwa hiyo kapasita itaubana."

Alinitazama, akachora resista, kile kidude kinachozuia umeme usikimbie, ikishuka kutoka kwenye kapasita hadi chini, kwenye waya wa ardhi, akasema sauti ya mhubiri tutaichukua pale zinapokutana. Kisha akaandika hesabu: moja, gawanya kwa mbili pai, mara resista, mara kapasita. Tulikuwa na resista ya kiloomu kumi na kapasita ndogo ya njano, ya mikrofaradi sifuri nukta sifuri nne saba. Alinipa kikokotoo na kipande cha mkaa. Nilichelewa sana, nikakosea sifuri, nikafuta kwa kiganja na kuanza upya. Hakunihimiza. Jibu lilikuja kama mia tatu na arobaini kwa sekunde.

"Huo ndio mpaka," alisema. "Ila usidhani hapo kuna kisu. Sauti zilizo juu ya mpaka zinapita karibu zote, zilizo chini zinapungua kadiri zinavyoshuka. Ule wa hamsini utabaki kama sehemu moja ya saba. Kapasita na resista yake hivi ndiyo filta, na ukiweka filta mbili zikifuatana, unapungua tena, unabaki mnong'ono."

"Na mtu mwenye sauti nene sana?"

"Naye atapungua. Filta haimjui mtu. Inajua mwendo tu."

Wakati huo Jilala, mwana wa Fundi, alikuwa ameegemea mlango akila muwa. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo, mrefu, mwenye kucheka kwa sauti, na karakana aliichukia waziwazi. "Baba," alisema, "huyu Minza naye mmemfunga kapasita mdomoni. Maneno hayapiti." Mzee wa kanisa aliyekuwa akisubiri ampli akacheka. Sijui nilipata wapi ujasiri. Nilisema bila kuinua kichwa, "Na wewe huna resista hata moja." Fundi alicheka hadi akaweka solda chini. "Kumbe anaongea!" Jilala akapiga kelele, akanitupia kipande cha muwa. Tangu siku hiyo alinitania kila alipopita, nami mara nyingine nilimjibu. Nimeishi miaka mingi baada ya hapo, nimejaliwa mume na watoto, na bado sijui niyaite nini yale yaliyokuwa kati yetu. Labda hayakuwa na jina. Yalikuwa ni mtu mmoja kunisikia.

Mvua za kwanza zilipokaribia Fundi na Jilala walianza kubishana nyumbani kwao wakati wa chakula cha mchana. Sebule yao ilikuwa na kiti kirefu cha mbao, meza yenye kitambaa cha kufuma, na mlango wa pazia kuelekea jikoni. Mimi nilikula jikoni na Mama Jilala, kwa hiyo niliyasikia yote kupitia pazia.

"Kazi ipo hapa," Fundi alisema.

"Kazi ya kuunga waya za redio za watu, baba? Watu sasa wananunua simu, inaimba yenyewe."

"Na duarani, huko kwenye mashimo ya dhahabu, unajua nini wewe? Umewahi kushika mtarimbo?"

"Nitajifunza. Kwani wenzangu walizaliwa nao?"

Nilisikia kijiko kikikwaruza sufuria. Kisha Mama Jilala, aliyekuwa ameshika mwiko karibu nami, akasema kwa sauti ya kutosha, "Mwache aende, akachoke mwenyewe, atarudi." Alisema kwa wema. Nimemwona mazishini juzi, mzee, amekonda, na kwa namna alivyonishika mkono nilijua kuwa maneno hayo hayajawahi kumtoka.

Jilala akaenda upande wa Bulyanhulu, kwenye mashimo ya wachimbaji wadogo yaliyo mbali na mgodi mkubwa. Akapata nafasi kwenye duara la mtu aliyeitwa Bosi Ndaki. Duara ni shimo lao la kushukia, wanalichimba wima na kulizuia kwa magogo wanayoyaita matimba, kisha huko chini wanaufuata mwamba wenye dhahabu kwa kutambaa. Alirudi nyumbani mara chache, akiwa mwekundu kwa vumbi hadi kope. Mara ya mwisho alileta kuku. Aliniambia duara lao lina maji, maji yanapenya kutoka shimo la zamani la jirani, lakini bosi ana pampu nzuri na jenereta nzuri. "Jenereta yenyewe inanguruma kama ile ya kanisani," alisema. "Ungekuwepo ungeifunga kapasita."

Habari zilikuja kwa simu asubuhi moja baada ya mvua kubwa. Mimi ndiye niliyeisikia ikilia. Fundi aliposhusha simu hakupiga yowe. Aliketi, akasema duara limeanguka katikati, watu wawili wako chini ya kifusi, Jilala na kijana wa Kondoa anayeitwa Athumani. Wengine walikuwa wamepanda kunywa chai. Kisha akasimama, akaanza kupakia vitu kwenye boksi: ampli ndogo, betri ya gari, maiki ya kanisa iliyokuja kutengenezwa, waya, spika za masikioni, kasha la resista na kapasita. "Twende," aliniambia. "Kuna bomba la chuma la hewa, Jilala alinisimulia. Linashuka hadi chini. Kama wako hai watagonga. Mimi sitasikia."

Tulipofika, watu walikuwa wamejaa kilimani lakini hapakuwa na kelele za watu. Kelele zilikuwa za jenereta tu. Bosi Ndaki alikuwa mtu mfupi mwenye sweta, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi. Sikumwona kuwa mbaya, wala leo simwoni hivyo. Alitueleza mambo kama yalivyo. Vijana wanashuka kwa zamu kutoa kifusi, na kuta bado zinalia, zinaweza kuwameza na wao. Pampu haiwezi kuzimwa, kwa sababu maji yakipanda yatawafikia wale wawili kama bado wapo. "Fundi, mimi nitachimba maadamu kuna dalili ya uhai," alisema. "Dalili ikiisha, nasimamisha. Siwezi kuzika watu sita kwa kutafuta maiti mbili."

Kwa hiyo kazi yetu ikawa hiyo, dalili. Lakini mdomo wa duara ulikuwa umezungushiwa kamba, na ndani ya kamba ile mwanamke haingii. Waliamini kuwa akiingia dhahabu inakimbia, na kwa siku kama ile waliamini mabaya zaidi. Kijana mmoja alinyoosha mkono mbele yangu.

"Dada, mwisho hapo."

"Huyu ndiye mwenye masikio," Fundi alisema. "Ni fundi mwenzangu."

"Hata angekuwa daktari, mzee. Tunakuomba. Wenzetu wako chini."

Fundi aliwatazama, kisha akageuka akaanza kufungua rola ya waya. Hapakuwa na muda wa kugombana, na hata yeye, nadhani, moyoni hakutaka kuijaribu ile kamba siku ambayo mwanawe yuko chini yake. Alifunga maiki kwenye bomba kwa mpira wa baiskeli, na waya ukavutwa hadi jikoni kwa Mama Sele, mama lishe aliyewapikia wachimbaji, mbali chini ya mteremko. Nguzo za kuupitishia zilikuwa zilezile zilizobeba waya mkubwa wa jenereta. Nyaya mbili zikaenda sambamba njia nzima. Nilipovaa spika za masikioni, nilichosikia ni mngurumo mtupu, umejaa kichwa chote.

Mama Sele aliondoa sufuria la maharage, akaniachia jiko. Nilipasha chuma cha solda kwenye mkaa wake. Mchoro wa ukutani niliukumbuka vizuri, kapasita mbele, resista ikishuka chini, kisha tena kapasita, tena resista. Nilipounga waya wa mwisho, mngurumo ulinywea kama mtu aliyefunikwa blanketi. Na juu yake, mbali, safi kabisa, nikasikia chuma kwenye chuma. Ting. Ting. Ting.

Nilisimama nikapunga kanga. Kule juu watu wakapiga yowe, na vijana waliokuwa wamekaa wakagombania kushuka. Mtu mmoja akagonga bomba kwa nyundo kujibu, na huko chini ule mlio ukaharakishwa, kama mtu anayecheka. Fundi alikuja mbio akavaa spika. Alisikiliza amefumba macho. "Nasikia," alisema. Hakuwa anasikia. Niliujua uso wake wa kusikia, nimeuona kila siku karakanani, na ule haukuwa wenyewe. Alizishika spika masikioni kwa muda mrefu, akitikisa kichwa taratibu, na Mama Sele akawa anamwambia, "Mungu mkubwa, Baba Jilala, Mungu mkubwa." Kisha akanirudishia akasema, "Usizivue."

Sikuzivua. Mama Sele alinilisha ugali kwa mkono wake, tonge moja moja, nikiwa nimeshika spika. Jioni mlio ulikuwa bado upo. Asubuhi ulikuwepo, lakini ulikuwa umebadilika. Nafasi kati ya pigo na pigo zilikuwa zimerefuka. Akina mama wengine waliokuwa jikoni walizungumza kwa sauti ya chini, mmoja akisema wa Kondoa hana ndugu huku, nani atampelekea mama yake taarifa, mwenzake akamkemea, "Nyamaza, hawajafa." Fundi alikuwa ameshikwa mkono akalazimishwa kwenda kunywa uji. Wakati huo ndipo yalipokuja mapigo ya mwisho. Niliyasikia mimi peke yangu. Baada ya hapo spikani hapakuwa na kitu isipokuwa mnong'ono wa jenereta.

Nilingoja. Nilikaza waya, nikapuliza maungio, nikamwomba kijana agonge bomba, nikasikia mlio wa nyundo yake waziwazi. Vifaa vilikuwa vizima. Ilibidi niseme. Bosi Ndaki aliposikia aliketi chini kwenye udongo. Baadaye akasema watachimba hadi jua litakapofika utosini, kwa heshima ya Fundi, kisha basi.

Nilirudi jikoni nikaketi. Nilikuwa nikitazama mikono ya Mama Sele ikitwanga karanga kwenye kinu kidogo cha mti. Ule mchi wa mti ulitoa sauti ya dhu, dhu, dhu. Niliitazama filta yangu. Nilijiuliza, mtu akidondosha nyundo, akiwa gizani, amebanwa, atagonga kwa nini? Kwa gogo. Kwa kiwiko. Kwa kitu laini. Sauti yake itakuwa nene, itageuka polepole, itakuwa jirani kabisa na mngurumo wa jenereta. Na kapasita nilizoweka mimi haziwajui watu, zinajua mwendo tu. Kama kuna mtu anagonga hivyo, filta inamla pamoja na jenereta.

Niliupanda mteremko mbio hadi kwenye kamba, nikapaza sauti mbele ya wanaume wote. Sikuwahi kufanya hivyo maishani. "Fundi! Huenda wanagonga kwa kitu laini! Filta inakula!"

Alinielewa kabla sijamaliza. Wengine hawakuelewa, akawaeleza kwa maneno machache. Bosi Ndaki akauliza, "Basi itoe hiyo filta."

"Nikiitoa jenereta inarudi yote," nilisema. "Sauti mbili zenye mwendo mmoja hazitenganishwi. Mpaka jenereta izimwe."

"Na maji?"

Kijana mmoja akasema kwa hasira, "Tukizima tukawaua je?" Mwingine akasema, "Tukiacha kuchimba hatujawaua?" Wakaanza kusukumana. Bosi Ndaki aliinua mkono, akamgeukia Fundi. "Mwanao ni wako. Mimi nitafanya utakalosema wewe."

Nimelifikiria jambo hilo miaka yote hii. Mtu anaambiwa achague, azime pampu inayomlinda mwanawe ili asikie kama bado yuko, au aiache iendelee na ajue kuwa saa chache zijazo watu watakunja kamba na kuondoka. Fundi alivua kofia, akaivaa tena. "Minza," alisema, "ukishabadilisha kapasita, utahitaji muda gani?"

"Mfupi. Wa kunywa maji kikombe kimoja."

"Zimeni."

Nilirudi jikoni mbio, Fundi nyuma yangu, nikachomoa kapasita zote mbili za njano, nikaweka moja kubwa, yenye uwezo mara mia, ili mpaka ushuke hadi chini kabisa na kila kitu kipite. Nilipunga kanga. Jenereta ikakohoa, ikazima. Kilima chote kikanyamaza, hata nikasikia njiwa mtini. Fundi alikuwa amepiga magoti kando yangu, tumegawana spika, sikio moja langu na moja lake.

Dhu.

Kimya kirefu. Kisha, dhu. Kama mtu anayeangusha kiroba.

Safari hii uso wake ulikuwa ule wa kusikia. "Ni yeye," alisema. "Minza, namsikia. Ni Jilala. Namsikia mwenyewe!" Aliliweka lile neno "mwenyewe" kwa namna ambayo hadi leo sijaisahau. Mimi nilishakimbia. Nilikimbia hadi mdomo wa duara nikipiga kelele yupo, yupo hai, washeni, chimbeni, na nilipotazama chini niliona nimesimama ndani ya kamba. Hakuna aliyenitoa.

Walimfikia mchana ule, jua limeanza kuinama. Walimpandisha kwa winchi amefungwa kwenye ubao. Fundi aliwasukuma watu akafika, akashika uso uliojaa tope, akaufuta kwa kiganja. Aliendelea kuufuta hata baada ya kuwa wazi kwamba uso ule si wa mwanawe.

Alikuwa Athumani. Mikono yake yote miwili ilikuwa imebanwa na gogo tangu mwanzo. Alitueleza akiwa amelazwa jikoni kwa Mama Sele, akinyweshwa maji kwa kijiko. "Aliyekuwa anagonga ni Jilala. Nyundo alikuwa nayo yeye. Alikuwa anasema baba yake ni fundi, atasikia. Asubuhi aliacha. Nilimwita, hakuitika. Nyundo ikawa chini yake, na mimi sina mkono. Ndipo nikaanza kupiga bomba kwa kisigino cha buti." Akamtazama Fundi. "Mzee, nimepiga tangu alipoacha. Nilidhani mmeondoka."

Fundi alisema, "Hatukuondoka." Kisha akatoka nje.

Jilala naye aliletwa baadaye. Maji hayakumfika. Walioshuka walisema kifua kilikuwa kimepondwa na jiwe tangu lilipoanguka duara, na hawakuelewa alipata wapi nguvu za kuinua nyundo. Tulimrudisha Kagongwa kwenye pikapu ya Bosi Ndaki. Mama Jilala alikuwa amesimama barabarani, na hakuna aliyehitaji kumwambia kitu.

Baada ya msiba karakana ilifungwa majuma kadhaa. Nilikwenda hivyohivyo, nikafagia, nikapanga resista kwa rangi zake. Siku moja alasiri Fundi aliingia, akaketi kwenye stuli yake upande wa pili wa meza. Nilimwamkia, akaitika. Mvua ilikuwa ikinyesha kidogo juu ya bati. Alikaa akitazama mchoro wa mkaa ukutani, na hesabu yangu pembeni iliyofutwafutwa.

"Ile ya kwanza mimi sikuisikia," alisema.

"Najua, Fundi."

"Nilisema nasikia."

"Najua."

"Ya kisigino niliisikia vizuri kabisa. Ya mwanangu hata moja." Alikunjua vidole vyake mezani. "Ya mwisho ulikuwa nayo wewe. Ilikuwaje?"

Nilichukua bisibisi, nikagonga sumaku ya spika, ting, ting, kama ilivyokuwa. Nilimtazama usoni nikaona haifiki. Chuma kile kilikuwa juu mno kwake. Nikaweka bisibisi chini. Nikakunja ngumi, nikaanza kugonga ubao wa meza, sauti nene aliyoweza kuisikia. Haikuwa sauti yenyewe, lakini nafasi zilikuwa zenyewe, niliziweka kama nilivyozisikia asubuhi ile. Pigo. Kisha kusubiri. Pigo. Kisha kusubiri kurefu zaidi. Mawili yaliyofuatana haraka, kama mtu aliyejikaza. Kisha moja, dogo.

Niliacha mkono juu ya meza. Alikuwa ameinama, sikio karibu na ubao.

"Halafu?"

"Halafu basi."

Hakuinua kichwa. "Rudia," alisema.